Kuzuia virusi vya mkunde kwa RNA ya nyuzi mbili: mwongozo kamili kwa maabara ya Pwani

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kutoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wa Mombasa na Kilifi ni uleule: "Nimetengeneza dsRNA, nimeipaka kwenye majani, na mimea imeugua vilevile." Nikiuliza maswali mawili matatu, nagundua sayansi haina kosa. Huwa ni moja kati ya haya: dsRNA, yaani RNA ya nyuzi mbili, ilishaharibika kabla haijafika kwenye jani, mfuatano wa herufi zake za kijenetiki ulinakiliwa kutoka kwa virusi vya nchi nyingine, virusi vilitangulia kuingia, au dawa ilifanya kazi lakini kipimo kikasema haikufanya. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana watu wametupa dawa nzuri kwa sababu yake.

Mfano nitakaoutumia ni mkunde na virusi vya mozaiki ya kunde vinavyoenezwa na vidukari, CABMV kwa kifupi. Nimeuchagua kwa sababu mbegu za kunde hazikosekani sokoni Kongowea, mmea uko tayari kwa jaribio chini ya wiki mbili, na virusi hivi vinaambukizwa kwa mkono bila kuhitaji kufuga wadudu. Vilevile ni tatizo la kweli la mkulima. Kidukari hubeba virusi hivi mdomoni na kuviacha kwenye mmea mwingine ndani ya dakika chache, hivyo dawa ya wadudu humuua akiwa ameshaambukiza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vibali. Ukitumia bakteria iliyobebeshwa plasmidi (kipande cha DNA cha duara), hicho ni kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, na sheria ya Kenya ya usalama wa kibayolojia ya mwaka 2009 inakutaka upitie kamati ya usalama ya taasisi yako na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, NBA. Leseni ya utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukitaka kuingiza virusi au mimea kutoka nje ya nchi, hilo ni la KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Anza haya mapema, usingoje hadi dsRNA iko kwenye friza.

Vya kutengenezea dsRNA. Seti ya kemikali (kit) ya kutoa RNA kwenye majani, kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, Taq (kimeng'enya cha PCR), praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR), kimeng'enya cha T7 kinachoandika RNA na nyukleotidi zake, DNase I inayovunja DNA, RNase A inayovunja RNA, agarosi ya jeli, mashine ya PCR ya kukuzia DNA, sentrifuji na kipimo cha mwanga cha kupima wingi wa RNA.

Vya kwenye mimea. Mbegu za kunde za fungu moja, udongo uliopitishwa kwenye otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu), vizimba vya neti yenye matundu madogo yasiyopitisha kidukari, unga wa kaborundamu wa kukwaruzia jani, bafa ya fosfati ya molari 0.01 yenye pH 7, glavu, jiki.

Maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na hata ya mfereji hayafai. Tumia maji yaliyothibitishwa kuwa hayana RNase kwa kila kitu kitakachogusa RNA. Usidanganyike na maji ya chupa ya dukani. Yanafaa kunywa tu.

Barafu. Ile inayouzwa kwa wauza samaki iache kwa samaki. Ukiwa huna nyingine, weka tyubu ndani ya kikopo kilichofunikwa, kisha kikopo ndicho kikae kwenye barafu. Tone moja la maji yake likiingia kwenye tyubu, kazi ya siku nzima imekwisha.

Stima. Gawa dsRNA kwenye tyubu ndogondogo za matumizi ya mara moja. Stima ikipotea usiku na friza ikayeyuka, kilichoyeyuka mara moja bado kina matumaini. Tyubu moja kubwa inayoyeyushwa kila wiki haina.

## Kinachotokea ndani ya jani

Seli ya mmea ikiona RNA ya nyuzi mbili, huichukulia kuwa dalili ya uvamizi. Vimeng'enya vya jamii ya Dicer huikatakata kuwa vipande vya nyukleotidi 21 au 22. Kila kipande hupachikwa kwenye protini iitwayo Argonaute, na kuanzia hapo protini hiyo huzunguka ikitafuta RNA yoyote inayolingana na kipande chake. Ikiipata, inaikata.

CABMV ina RNA moja ndefu ya takriban nyukleotidi 10,000, inayosomwa kwa mpigo mmoja kuwa protini moja kubwa ambayo baadaye hugawanyika. Kata uzi huo popote, na virusi vinakosa cha kunakili.

Lakini virusi navyo havikai kimya. Vina protini iitwayo HC-Pro, ambayo hunyakua vile vipande vidogo kabla havijapachikwa. Vikishajaa kwenye jani, HC-Pro imeshatapakaa kila mahali na dsRNA yako haina nafasi. Kwa hiyo hii si tiba ya mmea mgonjwa, ni kinga ya mmea mzima. Kila hatua inayofuata imepangwa kwa kulizingatia hilo.

## Hatua ya 1: Pata mfuatano wa virusi vya shambani kwako

Chuma majani machanga yenye mozaiki, yaani mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, hasa pale ambapo rangi iliyokoza imefuata mishipa ya jani. Chukua kutoka mashamba kadhaa, si mmea mmoja. Toa RNA, igeuze kuwa DNA, kuza kipande cha jeni ya koti la virusi, yaani ganda lao la protini, kisha tuma kikasomwe mfuatano. Nairobi kuna maabara zinazotoa huduma hiyo.

Kwa nini: kipande cha nyukleotidi 21 kinataka ulinganifu wa karibu. Virusi vya RNA hubadilika haraka, na mfuatano uliowekwa GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano, kutoka bara jingine unaweza kutofautiana na wa Kilifi katika kila mstari. Hapa ndipo wengi wanapookoa pesa za kusoma mfuatano na kupoteza mara kumi yake baadaye.

Tahadhari: mozaiki kwenye kunde inaweza kuletwa na virusi vingine pia, na mmea mmoja unaweza kubeba aina mbili. Ukikuta mfuatano una kelele zisizosomeka, shuku mchanganyiko kabla ya kulaumu mashine.

Umefaulu ukiwa na: mifuatano kadhaa ya hapa hapa iliyopangwa pamoja kwenye kompyuta, na unaona wazi sehemu zisizobadilika.

## Hatua ya 2: Chagua eneo la kulenga

Tafuta sehemu ya nyukleotidi 300 hadi 600 inayofanana katika sampuli zako zote. Kwa virusi vya jamii hii, kiini cha jeni ya koti na jeni ya NIb, ile inayonakili RNA, ndizo sehemu tulivu zaidi. Mwanzo wa jeni ya koti uache, unabadilika mno.

Kwa nini usitumie kipande kifupi kimoja cha nyukleotidi 21? Kwa sababu virusi vikibadilika herufi moja mahali pabaya, umeshindwa. RNA ndefu hutoa vipande vingi tofauti, na virusi haviwezi kuvikwepa vyote kwa pamoja.

Kisha linganisha eneo lako na jinomu ya mkunde, ya binadamu na ya nyuki. Ukikuta herufi 21 mfululizo zinazolingana kabisa, hamisha mpaka wa eneo lako. Mkunde ukizimwa jeni yake wenyewe utadumaa, nawe utadhani ni ugonjwa. Nyuki naye ndiye mgeni wa kila siku wa ua la kunde.

Andaa pia dsRNA ya pili ya urefu uleule kutoka jeni ya GFP, protini ya kung'aa isiyohusiana na kunde wala virusi. Hiyo ndiyo ya kulinganishia. Jaribio lisilo nayo mimi silisomi, kwa sababu RNA yoyote ya nyuzi mbili inaweza kuamsha mmea kidogo, na bila GFP huwezi kujua kilichofanya kazi ni mfuatano wako au ni ule mshtuko tu.

## Hatua ya 3: Tengeneza dsRNA

Agiza praima mbili za eneo lako, na mwanzoni mwa kila moja ongeza mfuatano wa T7, pale kimeng'enya cha T7 kinapoanzia kuandika: TAATACGACTCACTATAGGG. Uwe kwenye praima zote mbili, maana uzi wa kwenda na wa kurudi vyote vinatakiwa kuandikwa.

Kuza kwa PCR. Mizunguko mitano ya mwanzo tumia halijoto ya kunasia inayofaa ile sehemu ya praima inayolingana na virusi, kisha ipandishe, kwa kuwa sasa mkia wa T7 nao umeshaingia kwenye nakala. Ukianza na halijoto ya juu moja kwa moja, praima hazishiki. Safisha zao la PCR kabla ya kuendelea.

Weka takriban mikrogramu moja ya zao hilo kwenye mchanganyiko wa T7 wa mikrolita 20 na uiache kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa nne. Baadaye ipashe nyuzi 75 kwa dakika tano, kisha iache ipoe yenyewe juu ya meza, ili nyuzi mbili zikutane na kushikana. Usiipeleke nyuzi 95 ikiwa ndani ya bafa hiyo. Ina magnesi, na magnesi kwenye joto kali huikatakata RNA.

Sasa usafishaji, na hapa soma polepole. Unaweka DNase I kuondoa DNA ya kiolezo, na RNase A kuondoa RNA ya uzi mmoja iliyobaki. Lakini RNase A ina tabia mbili. Kwenye chumvi ya kutosha, molari 0.3 ya kloridi ya sodiamu au zaidi, hula uzi mmoja tu na kuziacha nyuzi mbili salama. Kwenye chumvi kidogo hula zote. Ukisahau chumvi, unaisafisha dsRNA yako hadi isibaki kitu, na tyubu itaonekana safi kabisa. Baada ya hapo pitisha kwenye safu ya kusafishia au tumia ethanoli, na uhakikishe RNase A imetoka.

### Ukihitaji nyingi kwa bei nafuu

Njia ya tyubu ya hapo juu hutoa mikrogramu. Kwa mimea mingi utahitaji bakteria: plasmidi L4440, yenye T7 mbili zinazotazamana, ndani ya E. coli HT115(DE3). Aina hii ya bakteria imenyang'anywa RNase III, kimeng'enya ambacho kingeivunja dsRNA yako papo hapo. Ndiyo maana ukitumia bakteria ya kawaida ya kukuzia plasmidi hupati kitu. Ikuze nyuzi 37 hadi ukungu wake (OD600) ufike kati ya 0.4 na 0.6, ongeza IPTG, kemikali inayoiamsha kuandika RNA, ya milimolari 0.4 hadi 1, na uiache saa nne. Toa RNA yote, kisha uisafishe kama hapo juu. Ampisilini hulinda plasmidi, na tetrasaiklini hulinda ule ulemavu wa RNase III. Watu huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili, halafu mavuno yanapungua wiki hadi wiki bila sababu ya kuonekana.

Tahadhari: bakteria hai isitoke maabara. Kinachokwenda kwenye mmea ni RNA iliyotolewa tu.

### Jaribio la tyubu nne

Usiguse mmea kabla ya hili. Chukua kiasi kidogo cha dsRNA ukigawe mara nne:

1. Bila kitu.
2. Pamoja na DNase I.
3. Pamoja na RNase A kwenye chumvi ya molari 0.3.
4. Pamoja na RNase A kwenye maji matupu.

Baada ya nusu saa nyuzi 37, pitisha zote kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.5. Tyubu tatu za mwanzo zinapaswa kuonyesha mstari mmoja mkali, unaochelewa kidogo ukilinganisha na DNA ya urefu huo. Ya nne iwe tupu. Mstari ukipotea kwenye ya pili, ulichokuwa nacho ni DNA. Ukipotea kwenye ya tatu, nyuzi hazikushikana. Ukibaki kwenye ya nne, kimeng'enya chako kimekufa na jaribio halisemi chochote. Ukiona moshi unaoteremka chini ya mstari, RNA imeanza kuvunjika, na mara nyingi ni jasho. Hewa ya Mombasa inakutoa jasho hata umekaa, na jasho limejaa RNase. Badilisha glavu kila ulipojifuta uso.

Pima wingi wake ukitumia kizidishio cha takriban 45 badala ya 40 kinachotumika kwa RNA ya uzi mmoja. Uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 2.

## Hatua ya 4: Andaa mimea iliyo safi kweli

CABMV husafiri ndani ya mbegu. Kwa hiyo mbegu za sokoni zinaweza kuja na ugonjwa tayari, na jaribio lako likaharibika kabla hujaligusa. Otesha mbegu za fungu lako ndani ya neti, ng'oa mche wowote wenye alama, na pima kikundi cha iliyobaki kwa ELISA (kipimo cha protini ya virusi) au RT-PCR (kipimo cha RNA yake). Fungu lenye maambukizi lipikwe, lisipandwe.

Mimea iko tayari pale majani mawili ya kwanza, yale yanayokaa kila moja peke yake kwenye kikonyo, yamefunguka kabisa na ya vidole vitatu ndiyo kwanza yanachomoza. Kwa joto la Pwani hii huwa siku 8 hadi 12 tangu kupanda.

Joto hili lina faida moja ambayo wenzetu wa nyanda za baridi hawana: kuzimwa kwa RNA hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto, na hudhoofika sana kwenye baridi ya nyuzi 15. Lakini lina hila pia. Kwenye joto kali dalili za virusi zinaweza kufifia zenyewe, hata kwenye mimea isiyopakwa dawa. Weka kipimajoto ndani ya kizimba na uandike namba kila siku.

## Hatua ya 5: Tafuta kiwango sahihi cha virusi

Hatua hii haimo kwenye maelezo mengi, na ndiyo inayookoa majaribio. Saga gramu moja ya jani lenye virusi kwenye mililita 10 za bafa baridi, kisha punguza: mara 10, mara 50, mara 100 na kuendelea. Ambukiza mimea michache kwa kila kiwango.

Unatafuta kiwango cha chini kabisa ambacho bado kinaugulisha karibu mimea yote. Ukitumia utomvu mzito, unamimina virusi kwa wingi ambao hakuna kidukari anayeweza kuuleta, na dsRNA yoyote itazidiwa. Ukitumia mwepesi mno, hata isiyo na dawa haitaugua na hutakuwa na cha kulinganisha.

## Hatua ya 6: Paka dsRNA, kisha virusi

Gawa mimea makundi manne: isiyoguswa na virusi, virusi na bafa tu, virusi na dsRNA ya GFP, virusi na dsRNA yako. Kila kundi liwe na angalau mimea 12, na rudia jaribio lote mara tatu kwa nyakati tofauti. Vyungu vichanganywe ovyo, visipangwe kundi kwa kundi. Upande wa dirisha linalopigwa na upepo wa bahari haufanani na upande wa ukutani.

Kwa mara ya kwanza fanya jaribio jepesi: changanya dsRNA na utomvu wa virusi muda huohuo wa kupaka, mikrogramu 10 hadi 20 kwa jani. Usiuache mchanganyiko ukae, maana utomvu wa jani una RNase zake. Likifaulu, nenda kwenye jaribio gumu: dsRNA leo, virusi kesho. La pili ndilo linalofanana na shamba, lakini ukianza nalo na likashindwa hutajua kama kosa ni la mfuatano au la upakaji.

Nyunyiza kaborundamu kidogo mno juu ya jani, kama vumbi la chaki. Dondosha kimiminika, kisha pitisha kidole chenye glavu kutoka kikonyoni hadi nchani mara mbili au tatu, mkono wa pili ukilishikilia jani kwa chini. Jani lipoteze mng'ao, lisilowe. Baada ya dakika chache lisuuze kwa maji. Kesho yake ukiona mikwaruzo ya kahawia, ulikandamiza, na seli zilizokufa haziingizwi dsRNA wala virusi. Anza na kundi lisilo na virusi, malizia na lenye virusi, na badilisha glavu kila kundi.

Fanya kazi hii jioni. Jua la mchana hukausha tone kabla halijapenya, na miale yake huiharibu RNA.

Kunyunyiza kwa bomba bila kusugua? Inawezekana, lakini dsRNA tupu hupenya kwa shida na huoshwa na mvua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliishikiza dsRNA kwenye vipande vidogo mno vya udongo wa mfinyanzi wa maabara, ikatoka polepole, na mnyunyizo mmoja ukakinga mimea kwa siku 20. Fika huko baada ya njia ya kusugua kukupa jibu, si kabla.

## Hatua ya 7: Pima mahali ambapo dawa haipo

Andika dalili kila siku kuanzia siku ya 5 hadi ya 21, na anayeandika asijue chungu ni cha kundi gani. Mwombe mwenzako abandike namba za siri.

Kisha chukua sampuli siku ya 7, 14 na 21. Hapa kuna sheria mbili.

Ya kwanza: chukua majani ya juu yaliyoota baadaye, usichukue lile ulilopaka. Swali ni kama virusi vimesafiri. Jani lililopakwa limebaki na virusi ulivyoviweka mwenyewe juu yake.

Ya pili, na hii ndiyo inayowafanya watu watupe dawa nzuri: praima za kipimo zisiguse eneo ulilotengenezea dsRNA. RT-PCR haijui tofauti kati ya RNA ya virusi na dsRNA uliyoipaka. Ukilenga jeni ya koti na ukapima jeni ya koti, mmea uliokingwa vizuri unaweza kusoma virusi vingi kuliko mmea mgonjwa, kwa sababu unaihesabu dawa yako. Ukilenga koti, pima jeni ya CI, jeni nyingine ya virusi hivi. Ukilenga NIb, pima koti. ELISA haina tatizo hili, kwani yenyewe inapima protini. Kama huna mashine ya kupima RNA kwa wingi, ELISA iliyofanywa kwa uangalifu inatosha kabisa.

Tumia jeni ya mkunde isiyotetereka, kama ya aktini, kusawazisha sampuli. Tofauti ya mzunguko mmoja wa PCR ni mara mbili. Tofauti ya mizunguko 3.3 ni mara kumi. Nusu mzunguko usiusherehekee.

Mafanikio yanaonekanaje? Kundi la bafa na kundi la GFP vimeugua karibu sawa. Kundi lako lina mimea mingi isiyo na virusi kwenye majani ya juu, na ile iliyougua imechelewa kwa siku kadhaa. Usitarajie mimea yote ipone. Kuchelewa kwenyewe kuna thamani, maana mkunde unaoambukizwa mapema ndio unaodumaa zaidi.

## Hatua ya 8: Usafi wa mwisho

Mimea yote, udongo na glavu vipite kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 30. Meza na mikasi vifutwe kwa jiki iliyochanganywa upya siku hiyo. Ile ya wiki jana, kwa joto letu, imeshapoteza nguvu.

## Ukikwama

Mstari mzuri kwenye jeli, lakini makundi yote yameugua sawa. Rudi Hatua ya 5 kwanza, punguza virusi. Kisha linganisha tena mfuatano na virusi ulivyovitumia, si vile vya GenBank.

Kundi la GFP nalo limepona. Virusi vyako ni vichache mno, au kuna joto kali kwenye kizimba, au uliisafisha GFP vibaya na mabaki yake yameua seli za jani.

Majani ya chini mazima, ya juu yameugua. Hilo ni la kawaida kwa dsRNA tupu. Majani yaliyoota baada ya kupaka hayakupata dawa ya kutosha. Paka tena, au fikiria njia ya kuitoa polepole.

Mimea isiyoguswa na virusi ina mozaiki. Mbegu, au kidukari amepita kwenye neti. Jaribio lote litupwe.

Nataka kufanya hivi kwenye muhogo. Muhogo hupandwa kwa vipandikizi vinavyobeba ugonjwa tangu siku ya kwanza, hivyo kupaka majani hakufiki mbali. Kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, watafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, na wenzao walichagua kuuwekea muhogo wenyewe maagizo ya kutengeneza dsRNA ya jeni za koti. Aina hiyo, 4046, iliidhinishwa na NBA mwezi Juni 2021.

Je, chikungunya na dengi? Swali hili halikosi tangu mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2017 na 2018 hapa mjini. Njia ya seli ni ya ukoo mmoja, lakini usiihamishe kama ilivyo. Kwenye seli za binadamu na wanyama wanaonyonyesha, RNA ya nyuzi mbili inayozidi takriban jozi 30 huamsha interferoni, protini za kinga za mwili, na kuifanya seli ifunge kazi zake zote. Utaona virusi vimepungua na utadhani ni mfuatano wako. Huko hutumika vipande vifupi vya nyukleotidi 21 hadi 23, ndani ya maabara yenye kiwango cha usalama kinachostahili virusi hivyo.

Imefaulu kizimbani, naweza kumpa mkulima wa Mtwapa ajaribu? Bado. Kitu kinachouzwa au kusambazwa kuzuia ugonjwa wa mimea nchini kinapitia Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu, PCPB. Wapelekee takwimu za majaribio yote matatu, yaliyofaulu na yaliyofeli, pamoja na picha za jeli ya tyubu nne.